Siku Niliyoipunguzia Seva Nguvu Ili Mgeni Rasmi Aizindue

Kama uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Dodoma, ile klipu umeiona, usinifiche. Ile ya mheshimiwa anayebonyeza kitufe chekundu, anasubiri, anabonyeza tena, anasubiri, halafu anakipiga kwa kiganja kama mtu anayejaribu kuamsha redio ya zamani, na nyuma yake kuna pazia la bluu ambalo chini yake vinaonekana viatu vya kike vyeusi vikihangaika huku na huku. Vile viatu ni vyangu. Nilivinunua mahsusi kwa siku ile na tangu siku ile sijavivaa, maana kila nikivitazama naona aibu inanipanda kuanzia kwenye visigino.

Sasa nimeamua kusimulia mwenyewe, kwa sababu naona kila anayesimulia anaongeza chumvi (kuna mtu kule Zuzu nimemsikia kwa masikio yangu akisema seva ililipuka, haikulipuka jamani, na afadhali ingelipuka, ningepata hata huruma).

Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Kondoa, na kazi yangu ni kusimamia mitambo ya kompyuta kwenye taasisi moja ya hapa mjini inayotoa vibali vya kusafirisha mazao. Taasisi yenyewe siitaji jina, bado wananilipa mshahara. Wakati huo nilikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo, na nilikuwa nimekaimu muda mrefu kiasi kwamba hata mlinzi wa getini aliniita Dada Kaimu. Kwa wasiojua maisha ya ofisi, kaimu ni mtu anayefanya kazi zote za mkuu na kulaumiwa kama mkuu, ila ukifika wakati wa viti vya mbele anaambiwa asogee pembeni. Nilikuwa nautaka ukuu kamili, sifichi. Nilikuwa nautaka mpaka nauota.

Mwaka ule kabla ya msimu wa zabibu tuliona seva yetu itaelemewa. Naomba niieleze kidogo, nitatumia maneno ya nyumbani. Ile seva ni kama nyumba kubwa ya kupanga: mashine ni moja, lakini tumeigawa vyumba, chumba kimoja kinaendesha mfumo wa vibali, kingine cha mambo ya uhasibu, kingine cha kufanyia majaribio. Kila chumba kinapewa prosesa zake, yaani zile akili zinazofanya kazi. Na mashine hizi kubwa zina ujanja wake, zinakuja kutoka kiwandani na prosesa za ziada humo humo ndani, zimelala tu. Ukizihitaji unalipia, unatumiwa namba ndefu ya kuziamshia, unaiingiza, zinaamka. Ni kama luku ya umeme: mita iko ukutani siku zote, unachonunua ni tokeni tu. Hakuna lori linalokuja, hakuna boksi la kufungua, hakuna fundi wa kupanda ngazi, kuna mtu mmoja amekaa kwenye kiti anaingiza namba, anakunywa chai yake, basi.

Namba ilipofika kwenye barua pepe nilitakiwa kuiingiza pale pale na kuendelea na maisha yangu. Badala yake nilikutana na Mkurugenzi wetu kwenye korido, akaniuliza kuna habari gani, nami kwa kutaka kuonekana nikamwambia, "Mkurugenzi, tumepata nguvu mpya kwenye seva."

Uso wake uling'aa. "Nguvu mpya? Hiyo ni ya kuzindua, Mwanaidi!"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana mzee, ni kazi ya dakika chache, haina cha kuzindua. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini yeye akaendelea kusema kwamba siku ya uzinduzi ndiyo ingekuwa nafasi nzuri ya kutangaza na lile jambo langu, mbele ya watu, lile la kuthibitishwa kuwa Mkuu wa Kitengo, na kwamba MC atapewa kabisa karatasi ya kusoma. Mdomo nikaufunga. Nikasema, "Ni wazo zuri sana, Mkurugenzi."

Mnajua Dodoma na uzinduzi. Ndani ya muda mfupi kamati ilikuwa imeundwa, kamati ndogo ya chakula ilikuwa imeundwa ndani ya kamati, kitenge cha sare kilikuwa kimechaguliwa (rangi ya zambarau, kwa heshima ya zabibu), kikundi cha ngoma za Kigogo kilikuwa kimepatikana, na mgeni rasmi alikuwa amekubali, kiongozi mkubwa tu, cheo chake naomba nikiache, nina watoto wa kulea. Swali likabaki moja: mheshimiwa atazindua nini kwa mkono wake? Utepe wa kukata haupo. Jiwe la msingi halipo. Ndipo kamati ikaamua kitengenezwe kitufe. Fundi mmoja wa mtaa wa Majengo akatutengenezea kitufe chekundu kikubwa kama sahani ya chai, kimeunganishwa kwa waya mpaka nyuma ya pazia, na huko nyuma ya pazia kuna balbu. Mheshimiwa akibonyeza, balbu inawaka, mimi niliyekaa na laptop naiona balbu, naingiza namba. Ndiyo teknolojia yenyewe hiyo.

Nikampigia simu mama yangu Kondoa. Nikamwambia aje, atasikia mwanaye akitangazwa. Nikamsikia mama akiwaambia watu waliokuwa pembeni yake kwamba Mwanaidi anakuwa mkuu wa kompyuta zote za serikali. Sikumsahihisha. Siku zile sikuwa namsahihisha mtu yeyote.

Jioni ya kuamkia shughuli tukafanya mazoezi ukumbini. Baraka, mwenzangu wa kitengo, akawasha projekta, tukafungua mfumo wa vibali kwenye skrini kubwa, nikabofya ripoti ya mazao ya mkoa mzima. Ikafunguka mara moja. Saa ile watumiaji walikuwa wachache, mfumo ulikuwa mwepesi, ikafunguka hata kabla Mkurugenzi hajavaa miwani yake.

"Sasa mbona imefunguka?" akauliza.

"Inafanya kazi vizuri, Mkurugenzi."

"Naona inafanya kazi vizuri! Ndiyo nauliza, kama inafanya kazi vizuri hivi, mheshimiwa atakuja kuzindua nini?" Akavua miwani. "Mwanaidi, watu waone tofauti. Kabla ya kubonyeza, taabu. Baada ya kubonyeza, raha. Panga unavyojua wewe, wewe si ndiye mtaalamu?"

Baraka alinitazama. Mimi nikatazama skrini. Na hapo, wapenzi wangu, ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikasema moyoni, si nipunguze kidogo tu? Niende asubuhi mapema, nikinyang'anye kile chumba cha vibali prosesa zake, nikiachie kiduchu, mfumo utambae kama mgonjwa, mheshimiwa abonyeze, niziamshe zile mpya, mfumo upae. Nani atajua?

Asubuhi nikawahi ofisini kabla ya watu. Kupunguza kwenyewe kukagoma, kwa sababu kila chumba kimewekewa kiwango cha chini ambacho huruhusiwi kushuka, na hicho kiwango niliweka mimi mwenyewe enzi nikiwa na akili. Ikabidi nibadilishe mipangilio ya chumba na kukizima na kukiwasha upya. Mipangilio ina visanduku vitatu: kiwango cha chini, kiwango cha kawaida, na kiwango cha juu kabisa ambacho chumba kinaweza kupokea. Wakati najaza, mama akapiga simu kutoka nyumbani kwangu.

"Mwanaidi, hii sare uliyonipa ina zipu mgongoni, mimi nitaifungaje peke yangu?"

"Mama muite jirani."

"Jirani yupi, yule uliyesema hana adabu?"

"Huyo huyo mama, muite."

Huku simu iko begani, huku najaza, nikaandika namba ile ile ndogo kwenye visanduku vyote vitatu, nikahifadhi, nikawasha chumba, nikaenda kupaka poda. Hebu likumbukeni hilo sanduku la tatu. Mimi sikulikumbuka.

Shughuli ilianza vizuri mno. Ngoma zikapigwa, vumbi likatimka, mheshimiwa akaingia na kofia yake, tukasimama, tukakaa. Mama alikuwa mstari wa mbele kabisa, zambarau tupu, zipu imefungwa, amekaa amenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho. MC (yule anayevuta maneno mpaka unasahau alianza na nini) akamtambulisha: "Na tunaye mama mzaziiii wa mtaalamu wetuuu!" Mama akasimama, akapunga mkono, akakaa, akasimama tena akapunga na upande wa pili. Machozi yalinilenga huko nyuma ya pazia nikichungulia. Nilijua karatasi yangu iko kwenye mfuko wa koti la MC, nilimwona akiiweka.

Mkurugenzi akahutubia. Akasema mfumo wetu umekuwa ukisuasua, wananchi wamekuwa wakiteseka, leo mateso yanakwisha. Baraka akafungua ile ripoti kwenye skrini kubwa. Kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka, kikazunguka. "Mnaonaaa!" akasema MC, na watu wakaguna kwa masikitiko, na mimi nyuma ya pazia nikajipongeza, maana taabu niliyoiandaa ilikuwa taabu ya kiwango cha juu.

Mheshimiwa akasogea kwenye kitufe. Wakahesabu wote kwa pamoja, tatu, mbili, moja, akabonyeza, balbu ikawaka, nikaingiza namba. Seva ikaipokea! Ikaniandikia kabisa kwamba prosesa za akiba ziko tayari. Nikazielekeza kwenye chumba cha vibali.

Zikakataliwa.

Nikazielekeza tena. Zikakataliwa tena, na safari hii nikasoma sababu: chumba hiki kimeshafika kiwango chake cha juu kabisa. Lile sanduku la tatu. Prosesa zilikuwa zimeamka, zimelipiwa, zina nguvu zote, zimesimama mlangoni kama wageni wa harusi waliosahau kadi, na aliyewafungia mlango ni mimi. Na kubadilisha kiwango cha juu hakuna njia ya mkato, ni lazima chumba kizimwe na kuwashwa upya, mfumo wote wa vibali, mbele ya ukumbi mzima.

Huko mbele kiduara kilikuwa kinaendelea kuzunguka. "Teknolojia inapashaaa motooo," alisema MC. Mheshimiwa akabonyeza tena, balbu ikawaka tena usoni kwangu, akabonyeza tena, ikawaka tena, na mimi kila balbu ikiwaka nahangaika na miguu (hapo ndipo viatu vilipochukuliwa video), na nikiwa najiambia Mwanaidi tulia, tulia, kitu fulani kitatokea.

Kikatokea. Simu ya mheshimiwa ikaita.

Mheshimiwa ni mzee wa kawaida tu, na wazee wetu simu huwa hawaiweki sikioni, huiweka loudspika na kuishika mbele ya mdomo. Na alikuwa amebanwa ile maiki ndogo kwenye tai. Kwa hiyo mimi, mama, Mkurugenzi, wapiga ngoma, waandishi wa habari na wapishi waliokuwa nje kwenye turubai, wote tukamsikia vizuri kijana anayemsimamia shamba lake la zabibu la Makutupora.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Niko kwenye shughuli."

"Samahani mzee, gari limezuiwa hapa kizuizini. Kibali hakitoki, mfumo haufunguki, na zabibu zinapigwa jua zinaanza kutoa maji."

"Mfumo gani?"

"Huo wa vibali mzee. Tangu asubuhi umekufa."

Mheshimiwa akaigeukia skrini, akakitazama kiduara. Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Kwani kwa kawaida huwa unasumbua?"

"Aah, wapi! Jana tumechukua vibali fasta tu mzee. Sijui leo wameufanya nini!"

Kuna mtu nyuma akacheka, na kicheko cha ukumbini mnakijua, hakikai kwa mtu mmoja. Mheshimiwa akakata simu na kusema, "Naomba nimwone mtaalamu." Mimi nikainuka haraka, mguu ukanasa kwenye waya wa balbu, nikashika pazia ili nisianguke, na pazia likaja lote, na bomba lake, na puto zake za zambarau, nikabaki nimesimama mbele ya watu na laptop mkononi, kitambaa cha bluu kimeniangukia kichwani. Hicho kipande kwenye klipu wamekiweka kwa mwendo wa polepole.

Mkurugenzi alikuwa anatazama dari, kama vile wazo la taabu na raha lilikuwa limetoka huko juu.

"Binti yangu," mheshimiwa akasema, na hakuwa na hasira, ndicho kilichoniuma, "jana ilikuwa haraka. Leo ni polepole. Na leo ndiyo nazindua nguvu mpya. Hebu nieleze nimezindua nini."

MC akaniwekea maiki mdomoni. Ningeweza kusema mtandao, kila mtu husema mtandao. Lakini nilimwona mama pale mbele ananitazama kwa fahari bado, anasubiri nijibu kitaalamu, nikashindwa kudanganya. Nikasema, "Mheshimiwa, niliipunguza mimi mwenyewe asubuhi. Ili ukibonyeza, watu waone tofauti."

Kicheko kilichofuata sikielezi. Mpiga ngoma mmoja alilala chini kabisa. Na katikati ya kicheko kile mama akasimama, akashika kiuno, akawageukia watu kwa sauti yake ya mnadani, "Mnacheka nini? Si amesema ameipunguza? Ataiongeza! Mwacheni mtoto afanye kazi!"

Mama, nakupenda, lakini pale ulinimaliza.

Nikaomba ruhusa ya kuuzima mfumo na kuuwasha upya. Mheshimiwa akaniuliza itachukua muda gani, nikamwambia, akasema basi sisi tukale, na ukumbi mzima ukainuka kufuata harufu ya pilau. MC naye akatoka. Karatasi yangu ikatoka naye, humo humo kwenye mfuko wa koti lake, kuelekea kwenye foleni ya nyama.

Nikakaa sakafuni kati ya puto, nikarekebisha visanduku, cha tatu nikakiangalia mara mbili, nikauwasha mfumo. Baraka aliniletea maji akarudi kuwahi chakula. Mama alikataa kwenda kula, alikaa mstari wake wa mbele peke yake, viti vitupu kushoto na kulia. Mfumo ulipoinuka nikazielekeza zile prosesa, zikaingia zote. Nikabofya ripoti. Jamani, sijawahi kuona mfumo ule ukienda vile, ripoti ya mkoa mzima ilitokea hata kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Nikabofya nyingine, ikatokea. Nilikuwa nalia na kucheka.

"Imepona?" mama akauliza.

"Imepona mama."

Akainuka, akapiga vigelegele. Peke yake, kwenye ukumbi mtupu, vikagonga ukuta wa nyuma vikarudi. Kisha akaniuliza, "Hizo akili mpya ulizoziamsha, zililetwa lini?"

"Zilikuwemo humo ndani siku zote mama, tangu mashine inunuliwe."

Akafikiri. "Na kuziamsha ni kazi ya watu wangapi?"

"Mmoja."

Mama alinitoa tu kipande cha puto kwenye nywele. Ningefurahi zaidi angenitukana.

Gari la zabibu lilipita mchana ule ule, na nasikia mheshimiwa alisahau haraka, watu wakubwa wana mengi. Mkurugenzi hakusahau. Aliniita, akanipa pole, akaniambia kamati imetathmini na kuona kuwa "ukaimu wako uendelee kwanza, kwa ajili ya kujijenga," na wakati anasema hivyo alikuwa anapanga kalamu zake mezani, hakuniangalia. Nikamwambia ahsante. Nilitoka nikaenda chooni nikalia vizuri, nikanawa, nikarudi kazini.

Msimu uliofuata tulinunua prosesa nyingine. Namba ilifika asubuhi, nikafunga mlango, nikaingiza namba, nikatafuna kipande changu cha chapati, nikaendelea na kazi, na Mkurugenzi aliponikuta kwenye korido akaniuliza kuna habari gani nikamwambia hakuna, Mkurugenzi, kumetulia tu. Nimeapa: kitu kinachofanya kazi vizuri sitakitia ulemavu tena ili nipigiwe makofi ya kukiponya, hata wakiniahidi uwaziri.

Tatizo limebaki Kondoa. Mama alirudi na sare yake akawaambia kila kitu, ila mwisho wake aliubadilisha. Kwa hiyo nikienda likizo, majirani wananisimamisha njiani, wananipa mkono kwa adabu, wananiita Mkuu, na mama akiwa pembeni ananikodolea macho nisimwaibishe. Nami naitikia.